Adui Asiyejua Kujificha

Machi 2003, mwezi uleule Marekani ilipoivamia Iraq, kampuni ya NovaLogic ya California ilitoa gemu ya vita inayoitwa Delta Force: Black Hawk Down. Ilikuwa mwendelezo wa mfululizo ulioanza 1998, na safari hii mchezaji hakupelekwa kwenye nchi ya kubuni. Alishushwa Somalia ya 1993, kwa majirani zetu kabisa. Misheni za mwanzo unasindikiza malori ya msaada ya Umoja wa Mataifa. Baadaye unaingia Mogadishu, na huko ndiko mambo yanachemka.

Ukisoma wahakiki wa wakati ule utakuta waliipenda, ila kwa kiasi. Delta Force za awali zilichorwa kwa vokseli, yaani vijichembe vidogo vya mchemraba, ndiyo maana uwanja wake ulikuwa mpana ajabu na ungeweza kumlenga mtu aliye mbali kabisa, lakini milima yenyewe ilionekana kama uji uliomwagika. Hii mpya iliachana na hayo. Nyumba zikawa na kona, helikopta zikawa helikopta. Walisifu misheni ambazo unakaa nyuma ya bunduki ya rashasha juu ya Humvee huku mji ukipita kando. Walisifu zaidi kucheza mtandaoni na watu wengi kwa mpigo. Lawama nazo zilifanana: misheni zimepangwa mno, kama matatu isiyotoka kwa ruti, na maadui hawana akili. Wanasimama peupe. Wanazikimbilia risasi. Matoleo ya Xbox na PlayStation 2 yalipofika 2005, yalipokewa kwa ubaridi zaidi.

Nataka kukaa kwenye hiyo lawama ya maadui wajinga. Kwangu ni jambo la maana kuliko yote yaliyoandikwa kuhusu gemu ile, na sidhani walioliandika walijua uzito wake. Kwao ilikuwa kasoro ya kiufundi, kitu cha kupunguza maksi mbili tatu. Lakini hebu angalia historia yenyewe.

Tarehe 3 Oktoba 1993, Jumapili alasiri, kikosi cha Marekani kilishuka karibu na soko la Bakaara kukamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid. Ilikuwa kazi ya kama saa moja hivi. Helikopta mbili za Black Hawk ziliangushwa ndani ya mji, vita vikaendelea hadi asubuhi ya tarehe 4, na Wamarekani 18 wakafa. Msafara uliokwenda kuwatoa ulikuwa na wanajeshi wa Malaysia na Pakistan, na wao pia walizika watu wao. Wasomali waliokufa hawajawahi kuhesabiwa sawasawa. Makadirio yanaanzia mamia hadi zaidi ya elfu moja.

Sasa, helikopta haziangushwi mbili kwa siku moja na watu wanaokimbilia risasi. Mark Bowden, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu, alisafiri hadi Mogadishu kuwasikiliza waliokuwa upande wa pili, na alichorudi nacho ni habari ya watu waliokuwa wakisoma mchezo. Wamarekani walikuwa wameshafanya misako kadhaa mjini kwa mtindo ule ule, na wapiganaji wa Aidid walikuwa wakitazama. Walijua helikopta ndiyo nguvu ya Wamarekani, kwa hiyo ndiyo ya kulengwa. Walichukua RPG, silaha ya kupigia vifaru, wakailenga kwenye mkia. Walichoma matairi kuitana na wakaziba barabara ili msafara usipite. Aidid mwenyewe alikuwa ofisa aliyesomea vita Italia na Urusi ya Kisovieti. Akili ya adui ndiyo sababu kuna kitabu, kuna filamu, na kuna gemu ya kuhakikiwa. Halafu gemu inafika, na kitu cha kwanza kuondolewa ni hiyo akili.

Mimi gemu hii niliikuta Kimana, miaka mitatu minne baada ya wahakiki kumaliza kazi yao. Kwetu gemu zilifika kama nguo za mtumba: zimechelewa, hazina boksi, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Sidii ilikuwa imeandikwa jina kwa mkono. Saiba ilikuwa na kompyuta nne, mbili zikiwa nzima, na siku ya soko ilijaa mpaka mlangoni, kwa sababu wasee walioleta nyanya na vitunguu, na vijana waliokuwa wameshauza mbuzi wa baba zao, wote walitaka kupiga raundi moja kabla ya kupanda gari la Loitokitok ama Emali. Intaneti ilikuwa ya kusuasua, kwa hiyo ile sifa kubwa ya kucheza mtandaoni sisi hatukuijua. Tulibaki na misheni na wale maadui.

Bingwa wetu alikuwa kijana Msomali, mtoto wa mwenye duka, aliyenizidi miaka miwili hivi. Alikuwa anamaliza misheni ambazo sisi tunafia getini. Siku moja jamaa mmoja akamchokoza: "Bro, si hao ni ndugu zako unawamaliza?" Hakukasirika. Akaonyesha skrini kwa kidole, ambapo mtu mwenye bunduki alikuwa anatoka mbio katikati ya barabara. "Huyu si ndugu yangu. Mtu wa Mogadishu hawezi kukimbia hivi. Angekuwa nyuma ya ukuta anakungoja." Kisha akampiga risasi, akaendelea.

Huo ndio uhakiki bora wa Delta Force: Black Hawk Down ninaoujua. Ulisema kile walichosema magazeti ya gemu ya Marekani na Uingereza, ila ulijua kinahusu nani.

Na sisi wa Kimana tulipaswa kuelewa haraka kuliko wengine, maana kuwa mandhari ya hadithi ya mtu mwingine ni kazi tunayoijua. Kilimanjaro nyuma, tembo katikati, moran pembeni ameshika mkuki, geti la Amboseli hilo pale. Watengenezaji wa Far Cry 2 walikuja Kenya kutazama nyika kabla ya kutoa gemu yao ya 2008, nao wahakiki wakasifu moto unavyotambaa kwenye nyasi na jua linavyozama, wakalalamika kwamba vizuizi vya barabarani vinajaa walinzi tena dakika chache tu baada ya kuwamaliza. Raia kwenye nchi ile? Karibu hakuna. Nyika ilikuja nzima, watu wakabaki nyumbani.

Lakini Somalia kwetu Wakenya haikuwa mandhari. Ndege za Marekani za kupeleka chakula huko, kuanzia Agosti 1992, zilikuwa zinapaa kutoka Mombasa. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 na 1992, zikiwa zimepangiwa watu 90,000, idadi iliyopitwa mapema sana. Oktoba 2011 jeshi letu lilivuka mpaka. Aprili 2014, kwenye ule msako wa Eastleigh, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa kuwa mahabusu. Sisemi gemu ndiyo iliyofanya hayo, hiyo ingekuwa ni kurahisisha. Nasema tu kwamba kizazi changu kilikuwa na mazoezi ya miaka mingi ya kumwona Msomali kama umbo linalotokea ghafla mwisho wa barabara.

Februari 2025 Black Hawk Down ilirudi. Team Jade, studio iliyo chini ya Tencent ya China, ilitoa kampeni mpya ya bure yenye jina hilo ndani ya Delta Force yao, safari hii ikifuata filamu ya Ridley Scott ya 2001, ile iliyopigwa picha Morocco. Mapokezi yalikuwa mchanganyiko, na ukisikia lawama utacheka. Ni ngumu mno! Ukiingia peke yako badala ya watu wanne, umekwisha. Adui amejificha, ana shabaha, anakupiga kabla hujajua risasi imetoka wapi, nawe unarudishwa mbali kuanza upya. Yaani baada ya miaka 22 wamemfundisha kukaa nyuma ya ukuta. Kwa hilo nawapa heko, na siongei kwa kejeli. Ukicheza unaelewa kwa nini wale askari waliogopa. Ila katika uhakiki nilioupitia, mjadala uliishia kwenye ugumu. Huyo mtu nyuma ya ukuta alikuwa analinda nini, na kwa nini mji mzima ulitoka nje na hasira ile, hilo halikuwa suala la maksi.

Jibu moja liko miezi mitatu nyuma, na kampeni hii haliigusi, kwa kuwa inafuata filamu na filamu inaanza Oktoba. Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba moja Mogadishu ambamo wazee na watu wa Aidid walikuwa wamekutana. Msalaba Mwekundu ulihesabu Wasomali 54 waliouawa; wao wenyewe walisema 73. Waandishi wa habari walikimbilia pale kupiga picha, na umati uliojaa uchungu ukawageukia kwa mawe na marungu. Wanne waliuawa: Hansi Krauss, Mjerumani wa shirika la AP, na watatu wa Reuters, ambao ni Dan Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, na Wakenya wawili, mpiga picha Hos Maina na fundi wa sauti Anthony Macharia. Mwenzao Mohamed Shaffi aliponea chupuchupu, akiwa na majeraha.

Helikopta zilizopiga nyumba siku ile zilikuwa Cobra. Hakuna iliyoanguka.