Tabibu wa Viungo na Maneno Yake

Wanyanga wa Walikale wanaye shujaa wao, jina lake Mwindo. Husimuliwa kwamba alizaliwa na papo hapo akatembea. Hata jina lake la sifa, Kabutwakenda, lina maana hiyo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliitoa habari hiyo kwa siku 12 mbele ya mtaalamu Daniel Biebuyck, nayo ikapigwa chapa mwaka 1969.

Lakini, msomaji mpenzi, si kila mtoto ni Mwindo. Wako wanaozaliwa nyayo zimegeukia ndani, wakikua wakakanyagia ubavu wa mguu. Hao ni wagonjwa wa tabibu wa viungo, ambaye Wakongo humwita kwa jina la Kifaransa, kinesiterapeta. Watu husema kazi yake ni mikono. Mimi nasema nusu yake ni kinywa, tena na sikio.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama cha wanawake waliofundishwa kukanda mwili, maana kazi hiyo ilikuwa imechafuliwa jina na nyumba za aibu zilizojiita za ukandaji. Wakaweka amri kali: asikandwe mgonjwa pasipo agizo la daktari. Heshima waliipata. Ila desturi ya siku zile ilikuwa daktari aagize, mkandaji atende, mgonjwa alale kimya.

Kongo nako, zamani za Wabelgiji, tiba ya watu wengi ilikwenda kwa mstari. Vikosi vya malale vilipita vijijini, watu wakajipanga, wakapapaswa shingo kutafutwa tezi zilizovimba. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 200,000 walitiwa kinywani dawa ya kuwakinga na polio, kwa majuma machache tu. Dawa ya kumeza, ukiimeza umekwisha kuimeza, umeelewa au hukuelewa. (Kama ni haki kumpa mtu asichoelezwa, hilo ni jambo jingine, nalo ni zito.)

Tiba ya viungo haiendi hivyo, kwa sababu dawa yenyewe hutendwa nyumbani, na mikono ya wengine.

Tazama miguu ile iliyopinda. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alianza karibu mwaka 1950 kuinyosha bila upasuaji mkubwa. Mguu wa mtoto mchanga huvutwa taratibu kwa mkono, hufungwa plasta, na plasta hubadilishwa kila juma, mara tano au sita hivi. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo. Miaka mingi wenzake hawakumsikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ilifika Uganda, na huko Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma, vya kutengenezwa na mafundi wa hapo hapo. Mtoto huvivaa saa 23 kwa siku muda wa miezi mitatu, kisha usiku tu, mpaka afikie miaka minne hivi.

Hapo ndipo penye hatari. Plasta ikitoka, mguu umenyoka! Mama anafurahi, jirani wanapiga vigelegele. Basi kwa nini mtoto afungwe tena? Analia usiku, bibi anamhurumia, anavivua viatu. Na mguu, pole pole, unarudi ulikotoka. Kuacha kuvaa viatu hivyo ndiyo sababu kubwa ya miguu kupinda mara ya pili. Wala si uvivu wa mama. Aliona mguu mzima, na hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa haujaisha.

Sasa fikiri habari za Itebero, katika nchi ya Wabakano, kwenye njia itokayo Bukavu kwenda Walikale na Kisangani. Kiswahili ni lugha ya barabarani, sokoni na kanisani. Lakini usiku mtoto anapolia, bibi husema lugha ya kwao. Tabibu huwaza kwa Kifaransa alichosomea. Akimwuliza mama, “Umefahamu?” atajibiwa, “Ndiyo, daktari.” Ndiyo hiyo ni heshima tu. Kumjibu mkubwa “sikufahamu” ni kama kumwambia hajui kusema.

Na saa 23 ni nini kwa mtu anayehesabu siku kwa kazi za shamba? Afadhali kusema: mvue mtoto wakati wa kumwogesha tu, kisha mvike mara moja.

Kwa hiyo tabibu mwenye busara haulizi kama amefahamika. Husema, “Mama, kosa litakuwa langu kama sikueleza vema, hebu nionyeshe utakavyofanya nyumbani.” Mama huvua na kuvisha viatu mbele yake, mara mbili, mara tatu, na kisigino kikibaki juu huonekana hapo hapo. Tena humwita bibi aliyeketi nje kivulini, naye ajaribu. Ndipo huuliza swali la mwisho: usiku mtoto akilia, ni nani huamka?