Upimaji wa Salio la Umeme

Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo wa umeme usiozidi megawati 1 kuingia mkataba wa neti-mitaringi (kwa Kiingereza "net metering") na msambazaji wa stima. Kanuni zake zilikuja 2024. Kiswahili cha istilahi hiyo bado kinayumba. Mashine za kutafsiri hutoa "upimaji wa wavu", utadhani Kenya Power wamegeuka wavuvi. Wengine husema "upimaji halisi", kwani hata kwenye kituo cha majani chai uzito halisi ni ule unaobaki karani akishatoa uzito wa gunia. Wamekaribia, ila "halisi" humfanya mtu ashuku kwamba mita yake ya zamani ni bandia. Mimi nachagua upimaji wa salio: unachochukua kwenye gridi, toa unachoingiza, lipia kinachobaki. "Mita ya pande mbili" ni kifaa tu. Istilahi hii inahusu hesabu.

Viwanda vya chai vya Kericho na Bomet vinaihitaji hesabu hiyo kuliko wengi. Mashamba ya Williamson Tea yaliweka sola ya megawati 1 huko Changoi mwaka 2014, sheria ikiwa bado haijatungwa. Lakini jua na chai haviendi saa moja. Majani huchumwa mchana, malori yakafika kiwandani alasiri hadi jioni, kisha feni za kunyaushia zikanguruma usiku kucha kabla ya majani kuingia kwenye mashine za kusaga. Paneli zimelala kitambo. Siku kiwanda kisiposaga, jua la adhuhuri halina kazi, na hapo ndipo gridi inapofaa.

Kuna jambo moja ambalo tafsiri yoyote ingeweza kulificha. Kanuni za Kenya humpa mteja nusu tu ya uniti alizoingiza. Kiwanda kikiingiza 100 mchana na kuchukua 80 usiku, huhesabiwa 50, na 30 zilizobaki kinalipia. Kwa salio kamili kingekuwa na akiba ya 20. Tena anachopata mteja ni uniti za kufidia matumizi yake, hapati pesa mkononi. Kwa hiyo magazeti yanapoandika kwamba wenye paneli "watauza stima" kwa Kenya Power, yanawaahidi biashara ambayo kanuni hizi hazikuianzisha.