Mitungi ya Santo António

Ukisimama English Point, upande wa Kisauni, ngome ya Fort Jesus iko mbele yako, ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari. Chini ya kuta zake, katika kina cha mita 15 hivi, imelala Santo António de Tanná, merikebu ya vita ya Wareno iliyozama Oktoba 1697.

Wageni wa makumbusho ya ngome hukimbilia mizinga. Vyombo vya udongo vilivyotolewa ndani ya merikebu hiyo ndivyo vyenye maneno zaidi. Miongoni mwavyo ni mitungi ya Martaban, iliyopewa jina la bandari ya Burma: minene, yenye vishikio vidogo begani vya kupitishia kamba. Mabaharia waliwekea humo maji, mafuta na vyakula. Pamoja nayo zilitoka kauri za China, sahani za Ureno na vyungu vya India. Hata merikebu yenyewe iliundwa Bassein, India, mwaka 1681. Ureno hapo ilikuwa bendera na zile sahani. Mengine mengi ni ya bahari yetu.

Merikebu ilikuja kwa sababu ya vita. Waomani walikuwa wameizingira ngome, wakati huo ya Wareno, tangu Machi 1696, na maradhi yakawafyeka waliokuwamo. Kamanda Mreno alipofariki Agosti 1697, ulinzi ulishikwa na Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na Waafrika wachache, wengi wao wanawake wapatao 50. Ni hao walioishikilia ngome mpaka Santo António ilipofika na msaada mwezi wa Septemba. Wanawake hao hawatajwi inavyostahili.

Mwezi mmoja baadaye merikebu ilikatikiwa kamba zilizoifunga, ikapoteza usukani, ikazama. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698.

Wapiga mbizi waliigundua merikebu miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Taasisi ya Akiolojia ya Bahari kutoka Marekani, chini ya Robin Piercy, waliichimbua. Chombo kilichokaa karibu karne tatu baharini hakianikwi juani: hulowekwa katika maji matamu yanayobadilishwa tena na tena, maana chumvi ikikaukia ndani hukipasua. Mwili wa merikebu uliachwa pale pale, ukafukiwa mchanga.

Walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, vusheni watoto waje waione mitungi hiyo. Mizinga wataiona tu.