Bili ya umeme wa nyumbani (Busia na Tororo)

Bili ya umeme wa nyumbani ni hesabu ya kile ambacho kaya inadaiwa, au imekwisha kulipa, kwa umeme iliotumia katika kipindi fulani. Busia, mji uliokatwa katikati na mpaka wa Kenya na Uganda, na Tororo, iliyo kaskazini yake upande wa Uganda, ni mahali ambapo kaya nyingi hazingojei tena karatasi ya bili mwisho wa mwezi. Mtu hununua uniti kwa simu, anapata namba ya tarakimu 20, yaani tokeni, anaibonyeza kwenye mita, na taa zinawaka. Ndiyo maana wengi huamini kwamba zama za kukadiriwa zimepita na kwamba sasa kila mtu analipia kile alichotumia, basi. Ukweli ni kwamba makadirio bado yapo. Zamani yalikuwa kwenye usomaji wa mita. Leo yamo ndani ya bei, na kwa hiyo risiti moja ya tokeni haiwezi kumwambia mnunuzi umeme wake unamgharimu kiasi gani.

Nyaya zenyewe zina historia ya pamoja. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954, na kwa mkataba wa mwaka 1955 Uganda ilikubali kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50. Umeme huo ulianza kuvuka mwaka 1958 kupitia Tororo, na hadi leo kituo cha Tororo ndicho kiungo cha gridi za nchi hizi mbili. Hesabu za wateja, hata hivyo, zilienda kila moja njia yake. Uganda iliigawa bodi yake ya umeme mwaka 2001, ikakabidhi usambazaji kwa kampuni ya Umeme kuanzia 1 Machi 2005, kisha tarehe 1 Aprili 2025 kazi hiyo ikarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Msimamizi wa bei ni mamlaka ya ERA. Upande wa Kenya msambazaji ni Kenya Power, na bei huidhinishwa na EPRA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019.

Tuanze na Kenya, kwa sababu huko ndiko makadirio yamejificha zaidi. Katika viwango vilivyoanza Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi aliwekwa kwenye bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa uniti. Wa uniti 31 hadi 100 kwenye shilingi 16.30, na wa zaidi ya 100 kwenye shilingi 20.97. Hizi si ngazi ambazo mtu hupanda uniti kwa uniti. Ni makundi. Ukiingia kundi la pili, uniti zako zote, pamoja na ile ya kwanza, zinatozwa bei ya kundi hilo. Uniti 30 ni shilingi 366.60 kabla ya kodi na tozo. Uniti 31 ni shilingi 505.30. Uniti moja ya ziada imeongeza karibu shilingi 139, yaani zaidi ya thuluthi ya gharama yote. Na mtu huwekwa kwenye kundi kwa kutazama wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu iliyopita. Aliyekuwa na wageni na pasi ya umeme mwezi Desemba anaweza kuilipia Desemba hiyo mwezi Februari, hata kama Februari yake ni ya balbu mbili na redio. Juu ya hayo yanakuja malipo ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, tozo ya maji, tozo ya EPRA, asilimia 5 ya umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16. Malipo ya mafuta na ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi, kwa hiyo shilingi 500 za Machi na shilingi 500 za Aprili si lazima zilete uniti sawa.

Uganda imepanga hesabu kinyume cha hapo. Kila mwezi unaanza upya, na bei hupanda au kushuka kwa uniti zinazofuata tu. Uniti 15 za kwanza ni shilingi 250 za Uganda kila moja. Kuanzia uniti ya 16 hadi ya 80, kwa viwango vya Aprili 2025, bei ni shilingi 756.2. Kisha linakuja jambo linalowashangaza wageni: uniti ya 81 hadi ya 150 hushuka hadi shilingi 412, bei iliyowekwa ili kaya ziache mkaa na kupikia umeme, na baada ya 150 bei ya kawaida inarudi. Kaya itakayofika uniti 150 inaokoa zaidi ya shilingi 24,000 kwenye ngazi hiyo ya tatu. ERA hurekebisha bei kila baada ya miezi mitatu kulingana na thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta duniani. Chini ya Umeme kulikuwa pia na ada ya huduma ya shilingi 3,360 kwa mwezi, iliyokatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, na mtu mwenye haraka akisoma risiti hiyo pekee angedhani ameibiwa.

Tokeni yenyewe haisaidii kufafanua haya. Namba zile 20 hubeba idadi ya uniti na muda zilipotolewa, shilingi hazimo. Muda huo huhesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, na kaunta yake iliishiwa nafasi tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo maana wateja wa pande zote mbili za mpaka walitakiwa kuingiza tokeni maalum za kuisasisha mita kabla ya siku hiyo. Mita inajua umebakiza uniti ngapi. Bei imekwisha kuamuliwa kwenye kompyuta ya msambazaji kabla ujumbe haujafika kwenye simu. Anayetaka kuijua gharama yake halisi hana budi kutunza meseji za miezi mitatu, kujumlisha fedha zote alizolipa, na kuzigawa kwa uniti zote alizopata.

Uzito mkubwa wa hesabu hizi unaangukia ploti za kupanga, na hapa ndipo hoja ina nguvu zaidi. Vyumba vya mstari mmoja vyenye mita moja ya mwenye nyumba ni makazi ya kawaida ya wachuuzi, madereva na vibarua wa forodhani. Chukua wapangaji watatu upande wa Kenya, kwa viwango vile vya 2023, kila mmoja anatumia uniti 20. Kila mmoja angekuwa na mita yake, wote wangekuwa kwenye bei ya 12.22. Kwa mita moja wanasomeka kama kaya moja ya uniti 60, na wote wanalipa 16.30. Upande wa Uganda zile uniti 15 za bei nafuu zinagawanywa watatu, tano tano. Nafuu iliyotungwa kwa ajili ya wanyonge imefungwa kwenye mita, na wanyonge ndio wasio na mita. Mwenye nyumba akiweka kimita cha ndani na kutoza bei yake moja kwa kila uniti, hata ngazi za serikali hazionekani tena kwa mpangaji.

Kuna watakaosema tokeni, pamoja na kasoro zake, ni afadhali kuliko bili ya mwisho wa mwezi. Wana sababu. Bili za kukadiriwa zilileta madeni ambayo hakuna aliyeyaelewa. Nchini Kenya, Januari 2018, wakili Apollo Mboya aliishitaki Kenya Power mahakamani baada ya kampuni kutaka kujirudishia shilingi bilioni 10.1 za gharama za mafuta kwa kuzigawa kwenye bili za wateja. Lakini kesi ile ilihusu gharama za nyuma kumfikia mteja bila yeye kuziona zikija, na wastani wa miezi mitatu hufanya jambo la jamii hiyo hiyo, kwa kiwango kidogo na kwa kufuata kanuni zilizotangazwa.

Wengine watapendekeza utaratibu wa Uingereza, ambako benki hukata kiasi kilekile kila mwezi kwa makadirio ya mwaka mzima, na tofauti husawazishwa baadaye. Kule una mantiki: baridi ya Januari hula gesi nyingi na Julai hula kidogo, kwa hiyo malipo ya kiangazi husaidia kulipia kipupwe. Busia na Tororo ziko karibu na ikweta. Jua huchwa karibu saa ileile mwaka mzima, na hakuna anayepasha nyumba joto. Kinachopanda na kushuka ni kipato: msimu wa mahindi, siku za soko, kusimama kwa malori mpakani. Makato ya lazima ya tarehe moja yangemkuta mfanyabiashara siku hana kitu. Kwake uhuru wa kununua tokeni ya shilingi 50 leo na ya 200 kesho ni ulinzi wa kweli, na sera yoyote ya kulainisha malipo inapaswa kuuhifadhi.

Kwa hiyo marekebisho yanayofaa yako kwenye kipimo. Kenya ingeweza kutoza bei ya juu kwa uniti zinazozidi 30 pekee, kama Uganda inavyofanya baada ya 15, na ule mruko wa uniti ya 31 ungetoweka siku hiyohiyo. Risiti ingeweza kutaja mteja yuko kundi gani na wastani wake wa miezi mitatu ni uniti ngapi. Kuhusu ploti, mpango wa Kenya wa kuunganisha kaya kwa shilingi 15,000 ulioanza mwaka 2015 na sera ya Uganda ya kuunganisha bure ya mwaka 2018 zilipima mafanikio kwa idadi ya wateja wapya waliounganishwa. Kuhesabu vyumba badala ya majengo, na kumpa kila mpangaji mita yake, kungezifikisha uniti za bei nafuu kwa wale ambao ziliwekwa kwa ajili yao.