Jinsi mkondo wa mto unavyoamua njia ya vifaranga wa salmoni

VIFARANGA wa samaki aina ya salmoni wanaoteremka mto Sacramento katika jimbo la California, Marekani, hawafiki baharini kwa njia moja. Njia watakayofuata, na aghalabu uhai wao, hutegemea wingi wa maji yanayopita mtoni siku wanapofika mahali mto unapogawanyika.

Salmoni huanguliwa katika mito, hukulia baharini na hurejea mtoni kutaga mayai kabla ya kufa. Wale wa Sacramento ni wa jamii ya Chinook, ambao ni wakubwa kuliko salmoni wengine wote. Hata hivyo, wengi wa vifaranga wanaoanza safari ya kwenda bahari ya Pasifiki hawazidi urefu wa kidole cha mtu mzima, na hawawezi kushindana na mkondo wenye nguvu.

Kabla ya kuionja chumvi, sharti wavuke delta ambako Sacramento hukutana na mto San Joaquin. Huko maji hutawanyika katika mikono na mifereji mingi. Watafiti wamewafuatilia kwa kuwatia tumboni kifaa kidogo kitoacho mlio, ambao hunaswa na vipokezi vilivyotegwa chini ya maji.

Njia panda iliyochunguzwa mno iko karibu na mji mdogo wa Walnut Grove. Hapo pana Georgiana Slough, mkono wa asili wa mto, na Delta Cross Channel, mfereji wenye malango mawili uliochimbwa mwaka wa 1951. Zote mbili huyapeleka maji katikati ya delta.

Kifaranga anayeingia huko huzunguka muda mrefu katika maji yenye samaki walao wenzao, wakiwemo besi wenye milia walioletwa kutoka mashariki ya Marekani mwaka wa 1879. Wengine huvutwa kusini na pampu kubwa za serikali zilizo karibu na mji wa Tracy. Kwa jumla, wanaopona ni wachache kuliko wale waliobaki katika mto wenyewe.

Ni nini basi kinachomwelekeza huku au kule? Yafaa kufikiria mstari usioonekana juu ya maji. Maji ya upande mmoja wa mstari huo huingia katika mkono wa mto na ya upande wa pili huendelea mbele. Mkondo ukibadilika, mstari nao huhama. Aidha, samaki hawasambai sawasawa: kwenye kona, maji ya juu husukumwa upande wa nje, na vifaranga pamoja nayo. Ndiyo sababu robo ya maji yanaweza kuingia mkononi bila ya kuchukua robo ya samaki.

Kisha kuna bahari. Wakazi wa delta ya mto Tana wanajua jinsi maji ya bahari yanavyopanda mtoni wakati mto umepungua. Sacramento nao ni vivyo hivyo. Mto ukiwa haba, maji yakijaa baharini mkondo wa Walnut Grove husimama, kisha hurudi nyuma. Kifaranga aliyekwisha kuupita mlango wa Georgiana hurejeshwa na kuupitia tena, na hatari aliyoiepuka saa chache awali humkabili upya. Mto ukifurika, nguvu ya maji kujaa hufifia na mkondo huelekea upande mmoja tu.

Maji mengi hufungua pia njia nyingine. Vifaranga wengi zaidi huingia Sutter Slough na Steamboat Slough, ambazo hupita kando ya njia panda ya Walnut Grove na kurudi mtoni karibu na Rio Vista. Wakati wa mafuriko makubwa, maji humwagika katika Yolo Bypass, uwanda wa hekta zipatazo 24,000 ambako vifaranga hupata chakula tele na kunenepa haraka.

Binadamu amejaribu kusaidia. Mwaka wa 2011 uzio wa viputo vya hewa, sauti na taa uliwekwa kwenye mlango wa Georgiana Slough. Ulipozimwa, asilimia 22.1 ya vifaranga waliofuatiliwa waliingia humo. Ulipowashwa, asilimia 7.4 tu ndio walioingia.

Lakini uzio hauongezi maji, na maji hayo yana wenyewe. Pampu za kusini hutegemewa na mashamba na watu zaidi ya milioni 25. Kwa upande wa pili wamo wavuvi: uvuvi wa kibiashara wa salmoni katika pwani ya California ulifungwa mwaka wa 2008 na 2009, kisha tena 2023, 2024 na 2025.

Hata malango ya Delta Cross Channel yana pande mbili. Hufungwa kuanzia Februari 1 hadi Mei 20 ili kuwalinda vifaranga, lakini yakifungwa mto ukiwa haba, chumvi huweza kuongezeka katikati ya delta. Kuanzia Novemba hadi Januari, wakati mvua za kwanza huwaamsha vifaranga kuanza safari, kanuni zinaruhusu yafungwe kwa muda usiozidi siku 45.