Lebo za uendelevu kwenye vyakula vya ukanda wa joto

Lebo ya uendelevu ni alama iliyo juu ya kifungashio cha chakula ambayo kwa kawaida huonyesha kwamba mkaguzi asiye mkulima wala muuzaji ameangalia namna zao lilivyolimwa au lilivyonunuliwa, na akaridhika kwamba kanuni zilizoandikwa zimefuatwa. Kila lebo ina kanuni zake. Moja hutazama bei, nyingine msitu, nyingine sumu za shambani, na hakuna inayotazama yote kwa uzito mmoja. Wanunuzi wengi huziona zote kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo hupotea.

Masaka, kata ya wilaya ya Kicukiro pembeni mwa Kigali (si Masaka ya Uganda, ambayo nayo ni nchi ya kahawa), ni mahali pazuri pa kuanzia. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha Inyange kinachotengeneza maziwa, maji na juisi za matunda. Katika maduka ya mtaani, alama ambayo mteja huizoea kwenye vyakula vilivyosindikwa nchini ni herufi S ya Shirika la Viwango la Rwanda (RSB). Alama hiyo husema bidhaa imetimiza kiwango cha ubora na usalama. Haisemi nanasi lililimwaje, wala aliyelichuma alilipwa kiasi gani. Lebo zinazojibu maswali hayo hubandikwa zaidi kwenye kahawa na chai zinazovuka mpaka, hivyo mkulima anaweza kutimiza masharti ya lebo fulani miaka kumi asiione hata siku moja kwenye rafu ya duka analonunulia sukari.

Fairtrade ndiyo lebo ya bei. Chimbuko lake ni Uholanzi, ambako alama ya Max Havelaar ilianza mwaka 1988 kwa kahawa ya wakulima wa Mexico. Kahawa ya arabika iliyooshwa ina bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake: tangu Agosti 2023 ni dola 1.80 kwa ratili. Juu yake huongezwa senti 20 za ziada, ambazo wanachama wa ushirika hukaa mkutanoni kuamua matumizi yake, na angalau senti 5 kati yake lazima ziende katika kuinua ubora na mavuno. Kahawa ikiwa pia ya kilimo hai, kuna nyongeza ya senti 40.

Bei hiyo hulipwa kwa ushirika kwa kahawa iliyokwisha kukobolewa na kufika bandarini. Hailipwi moja kwa moja kwa mkulima aliyebeba kikapu cha matunda mekundu hadi kituo cha kuoshea. Kikapu kile hupimwa kwa bei nyingine, ambayo kiwango chake cha chini nchini Rwanda hutangazwa kila msimu na bodi ya mazao ya kuuza nje, NAEB. Kinachobaki kati ya bei hizo mbili baada ya kuosha, kuanika, kukoboa na kusafirisha hutegemea uendeshaji wa ushirika wenyewe. Lebo haiwezi kuuponya ushirika wenye uongozi mbovu.

Mfano unaotajwa sana ni ushirika wa Abahuzamugambi ba Kahawa wa Maraba, wilayani Huye, ulioanzishwa mwaka 1999. Miaka ile bei ya arabika katika soko la New York ilikuwa imeporomoka, hata kushuka chini ya senti 50 kwa ratili mwishoni mwa 2001, na kahawa ya Rwanda iliuzwa kama ya daraja la chini. Ushirika ulijenga kituo cha kuoshea, ukapata ithibati ya Fairtrade, na mwaka 2003 kahawa yake ikawa kwenye rafu za maduka ya Sainsbury's nchini Uingereza. Bei ya chini ilikuwa na maana kubwa wakati huo. Mwanzoni mwa 2025, soko lilipopanda kupita dola 4, bei ya chini ililala tu, maana soko likiwa juu mnunuzi hulipa bei ya soko. Zilizobaki na kazi ni zile senti 20. Tena, ithibati si mkataba wa mauzo: ushirika unaweza kuwa na cheti na bado ukauza sehemu kubwa ya kahawa yake bila lebo kwa kukosa mnunuzi.

Alama ya chura wa kijani ni ya Rainforest Alliance, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na kuungana na mpango mwingine wa ithibati, UTZ, mwaka 2018. Kanuni zake huhusu miti, udongo, maji, viuatilifu, ajira ya watoto na haki za vibarua. Huonekana sana kwenye chai. Chura hana bei ya chini kama ya Fairtrade. Mnunuzi hutakiwa kulipa nyongeza juu ya bei ya soko, lakini kwa mazao mengi kiasi chake huachwa kwa maelewano ya pande mbili, na mwenye nguvu mezani anajulikana.

Jani lililochorwa kwa nyota ni alama ya kilimo hai ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2010. Katika chakula chenye viambato vingi, angalau asilimia 95 ya vile vitokanavyo na kilimo lazima viwe vya kilimo hai. Mibuni na michai hupitia miaka mitatu ya mpito: mkulima ameacha mbolea za viwandani, mavuno pengine yamepungua, lakini mzigo bado hauna lebo.

Afrika Mashariki ina alama yake, na jina lake halihitaji mkalimani: Kilimohai. Ilizinduliwa Dar es Salaam Mei 2007 pamoja na kiwango cha pamoja cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, wiki chache kabla Rwanda haijaingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai. Husimamiwa kupitia vyama vya kilimo hai vya kila nchi, ROAM kwa Rwanda, TOAM kwa Tanzania, KOAN kwa Kenya. Kwa soko la ndani inaruhusu wakulima wakaguane wenyewe kikundi kwa kikundi, jambo linalopunguza gharama. Wenye shaka husema jirani hawezi kumkagua jirani. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jirani huona dawa ikipulizwa alfajiri vizuri zaidi kuliko mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka na gari la kukodi.

Hata huyo mgeni hapiti kila shamba. Katika vyeti vya vikundi, ushirika huwa na wakaguzi wake wa ndani wanaowapitia wanachama wote, kisha mkaguzi wa nje huchukua sampuli. Desturi ya Rainforest Alliance ni kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama: kati ya wakulima 400, hutembelewa 20.

Kitu kingine kisichoonekana kwa macho ni mchanganyiko. Kwa kakao, sukari, chai na juisi, Fairtrade huruhusu kiwanda kuchanganya mzigo wenye cheti na usio nacho, mradi kiasi kinachouzwa na lebo kisizidi kilichonunuliwa na cheti. Hivyo majani yaliyo kikombeni huenda si yale yaliyokaguliwa, ingawa fedha zimewafikia waliokaguliwa. Mshale mdogo pembeni ya alama humwambia mnunuzi ageuze pakiti asome nyuma. Kahawa na ndizi hazimo katika ruhusa hiyo.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu imeleta jambo jipya: hakuna lebo inayotosha kuwa pasi. Sheria hiyo humtaka mwingizaji wa kahawa aonyeshe vipimo vya mahali lilipo kila shamba na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya 31 Desemba 2020. Kwa Rwanda, ambako kahawa hulimwa na kaya takriban 400,000 kwenye vishamba vidogo, hiyo ni kazi ya kupima kilima baada ya kilima. Chai haimo katika orodha ya sheria hiyo. Mwenye mibuni upande mmoja wa kilima na michai upande wa pili atapimiwa upande mmoja tu.