Taa Iliyozimwa: Habari za Alama za Tahadhari na Ukaguzi wa Magari

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wengine wamepewa kueleza habari za bei, za maghala, na za mikutano ya kwanza. Sisi wa Kamati ya Usafirishaji tumepewa jambo linaloonekana dogo, nalo ni zile taa nyekundu na za manjano zilizo mbele ya macho ya dereva. Mwanachama aweza kuuliza: taa hizo zina historia gani hata zipewe kurasa nzima? Zinayo, tena ni historia yenye umri mkubwa kuliko motokaa yenyewe, nayo yahusu kila gunia linalotoka ghalani na kila mtu anayepanda lori kwenda nalo.

Hapana budi tuanze na mvuke. Mwaka 1830 huko Charleston, katika jimbo la South Carolina, Marekani, garimoshi lililoitwa Best Friend of Charleston lilianza kuchukua abiria. Juu ya tangi lake la mvuke palikuwa na vali ya usalama, ambayo mvuke ulipozidi kipimo ilijifungua yenyewe na kuutoa nje kwa kishindo kikubwa. Tarehe 17 Juni 1831, yasimuliwa, mchochea moto wa garimoshi hilo alichoshwa na makelele hayo, akaikandamiza vali ili anyamaze naye apate kutulia. Kelele zikakoma kweli. Lakini mvuke haukuwa umepungua kwa sababu ya ukimya ule. Ulizidi, tangi likapasuka, na yule mchochea moto akafa kwa majeraha yake.

Jambo hilo lilikwisha kujulikana Uingereza kabla ya hapo. Mwaka 1803 mtambo wa mvuke wa fundi Richard Trevithick ulipasuka huko Greenwich na kuua watu wanne. Trevithick hakuridhika na kumlaumu aliyekuwa zamu. Tangu siku hizo mitambo yake aliiwekea vali mbili, na mojawapo mwendeshaji hakuweza kuigeuza. Tena akatia kizibo cha risasi ambacho maji yakipungua mno huyeyuka chenyewe, hata kama hakuna mtu anayetazama. Kwa maoni yetu hapo ndipo habari yetu inapoanza hasa. Fundi alikubali ya kuwa hatari haimo katika chuma peke yake, bali pia katika mkono wa mtu asiyependa kuonywa.

Wanachama watapenda kusikia habari ya Mannheim, Ujerumani. Baada ya tangi la mvuke la kiwanda cha pombe kupasuka hapo mwaka 1865, wenye mitambo waliungana mwaka 1866 wakaunda chama chao cha kukagua matangi yao wao kwa wao, kabla serikali haijawashurutisha. Vyama vya namna hiyo vilienea katika nchi yao, na kutoka kwavyo vimetoka mashirika ya TÜV ambayo hata leo hukagua mamilioni ya magari. Sisi tulio watu wa ushirika hatuna haja ya kuelezwa zaidi maana ya jambo hilo.

Sasa tuje kwenye motokaa. Magari ya kwanza yalikuwa na saa ndogo zenye mishale, moja ya mafuta ya injini, nyingine ya umeme, nyingine ya joto. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ilianza kuweka taa mahali pa baadhi ya saa hizo. Taa zilikuwa rahisi, na mtu asiyejua kusoma mishale aliweza kuzielewa. Wenye kujivunia ufundi walizicheka, wakaziita taa za wajinga. Dharau hiyo haikuwa na haki, maana dereva mwenye macho barabarani hana nafasi ya kutazama mishale mitano. Lakini ndani yake palikuwa na hoja moja ya kweli. Mshale uliokufa huonekana umekufa, kwa sababu hausogei. Taa iliyokufa haionekani hivyo. Taa isiyowaka kwa sababu injini ni nzima, na taa isiyowaka kwa sababu balbu imeungua, au imetolewa, zafanana kabisa machoni.

Shida hiyo ndiyo mzizi wa sheria zote zilizofuata. Ufumbuzi wake ulikuwa mwepesi, tena wa akili sana: taa ilazimishwe kujionyesha kila mara swichi inapofunguliwa, kabla ya safari, kisha izimike ikiwa hakuna kosa. Kanuni za breki za Marekani za miaka ya 1970 ziliagiza hivyo waziwazi kwa taa ya breki. Tangu hapo taa ya tahadhari imekuwa na maneno mawili. Ikiwaka mwanzoni yasema, "Mimi ni mzima", ikizimika yasema, "Na kile ninachokilinda ni kizima." Ikikosa neno la kwanza, la pili halina thamani yoyote.

Hata hivyo wakaguzi walichelewa kuisikiliza. Uingereza ilipoanza ukaguzi wa lazima, mwaka 1960, chini ya Waziri Ernest Marples, magari yaliyotakiwa yalikuwa yale ya miaka kumi na zaidi, nayo yalitazamwa breki, taa za barabarani na usukani. Ukaguzi huo ukaitwa MOT, kwa herufi za kwanza za jina la Wizara ya Uchukuzi. Mwaka 1967 umri ulishushwa hadi miaka mitatu. Lakini kwa miaka mingi mkaguzi alikuwa mtu wa kutikisa magurudumu na kugonga chuma kwa nyundo, na kilichokuwa dashibodini kilimhusu kidogo tu.

Kilichobadili mambo ni kompyuta. Breki zinazozuia magurudumu yasikwame, mifuko ya hewa inayofumka wakati wa ajali, na mitambo inayosafisha moshi, vyote hivyo haviwezi kupimwa kwa nyundo. Hakuna awezaye kuufumua mfuko wa hewa ili ajue kama ungefumka. Yule anayejua ni kompyuta ya gari, na kinywa chake ni taa. Kompyuta ya breki ikiona kosa huiondoa ile nguvu ya kuzuia kukwama, ikaacha breki za kawaida, ikawasha taa. Dereva asipoiona taa, atakanyaga breki katika matope ya masika akitumaini msaada ambao haupo tena.

Marekani magari madogo yote mapya yalilazimika kuwa na taa ya injini ya namna moja tangu matoleo ya mwaka 1996, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 majimbo yenye ukaguzi wa moshi yakaanza kuuliza kompyuta badala ya kunusa bomba. Hapo watu walionyesha werevu wao. Wengine walitoa balbu. Ikaamriwa kwamba gari ambalo taa yake haiwaki swichi inapofunguliwa limeshindwa. Wengine walichomoa betri usiku wa kuamkia ukaguzi ili kompyuta isahau makosa yake. Dawa ya hilo ilikuwa tayari ndani ya kompyuta yenyewe: ikisahau makosa husahau pia majaribio iliyokwisha kuyafanya, na mkaguzi akiliona gari ambalo majaribio yake mengi hayajakamilika hulirudisha likatembee kwanza. Twakiri tulipoisoma habari hii tulicheka, maana hesabu za vyama vya msingi nazo zimewahi kupata usahaulifu wa namna hiyo siku chache kabla ya mkaguzi kufika.

Uingereza, tangu tarehe 20 Mei 2018, taa ya injini iliyobaki ikiwaka ni kosa kubwa linaloliangusha gari, na taa hiyo isiyofanya kazi ni kosa lile lile. Sheria hailipendelei gari lililonyamazishwa kuliko gari linalolalamika.

Japani yatuhusu zaidi, kwa kuwa magari mengi yanayotumika Tanzania na Kenya yalitembea huko kwanza. Ukaguzi wa huko, uitwao shaken, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1951. Tangu Februari 2017 gari likifika kituoni hali taa ya breki, ya mfuko wa hewa au ya injini inawaka, halikaguliwi hata kidogo; hurudishwa kama lilivyokuja. Na tangu Oktoba 2024 magari mapya ya nchi hiyo yanaulizwa kompyuta zake pia. Basi mwenye gari la namna hiyo Japani ana njia mbili: kutengeneza, au kuuza. Mnunuzi wa ng'ambo na akumbuke hilo.

Kwetu Afrika Mashariki hatukosi historia ya vyombo vilivyozibwa midomo. Kenya, Waziri John Michuki alipoamuru mwaka 2004 matatu ziwekwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, haukupita muda kabla ya kupatikana mafundi wa kuvilegeza. Tanzania tumeizoea stika ya usalama inayobandikwa kiooni baada ya ukaguzi, na askari huitazama njiani. Stika ni jambo jema. Lakini stika yasema gari lilikuwaje siku ile, na taa yasema liko vipi asubuhi hii. Tumeona wenye magari wakiilinda stika kwa uangalifu mkubwa kuliko wanavyoilinda taa, na twadhani wamegeuza mambo juu chini.

Hila zinazotumika kwetu si ngeni. Kuna utepe mweusi, kuna balbu iliyotolewa, na kuna ile iliyo mbaya kuliko zote: waya wa taa ya mfuko wa hewa huungwa na taa ya mafuta ya injini, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Mtazamaji wa haraka huridhika, lakini hila hiyo ina kasoro yake. Taa ya mafuta huzimika injini ikiunguruma. Taa ya mfuko wa hewa yapasa kuzimika yenyewe baada ya sekunde chache, injini ikiwa bado kimya. Basi mwanachama anayenunua gari na afungue swichi, asiwashe injini, ahesabu pole pole hadi kumi na tano. Taa ya mafuta na ya betri zibaki zinawaka. Ya mfuko wa hewa iwe imekwisha kuzimika. Ikiwa inangoja injini, inasema kwa kinywa cha mwenzake.

Kamati yetu ilipokwenda kutazama lori moja lililotumika, rangi yake ilikuwa safi na matairi mapya. Fundi wetu hakuzunguka nje; aliomba ufunguo, akakaa, akafungua swichi na kutazama. Taa ya breki haikuwaka kabisa. Dashibodi ilipofunguliwa, mahali pa balbu palikuwa patupu. Muuzaji hakukana. Alisema taa ile ilikuwa ikiwasumbua madereva. Tulirudi nyumbani kwa basi.

Lakini tusiwatazame wauzaji peke yao. Dereva wa lori la mazao huizima taa kwa sababu gani? Si kwa kupenda kufa. Akiripoti taa, lori husimama; likisimama wakati wa msimu, hakuna posho ya safari; na mahali pengine gharama ya matengenezo hukatwa katika mshahara wake, kana kwamba taa imewaka kwa kosa lake. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo atatafuta utepe mweusi, na sheria ya nchi yoyote haitamfikia usiku katika mlima. Trevithick aliweza kuiweka vali mbali na mkono wa mwendeshaji kwa sababu kazi yake ilikuwa chuma. Kazi ya kamati kama yetu ni posho, na posho zinapangwa na Mkutano Mkuu.

Kwa hiyo tumeleta hoja tatu katika Mkutano Mkuu ujao. Ya kwanza, kila dereva aandike katika daftari la safari, kila asubuhi, taa zilizowaka swichi ilipofunguliwa na zilizozimika, na karani wa ghala atie sahihi kabla ya mzigo kupakiwa. Ya pili, dereva aliyeripoti taa nyekundu alipwe posho ya siku ile kama kwamba amesafiri, na matengenezo yasikatwe kwake. Ya tatu, chama kinunue kifaa cha kusomea kompyuta za magari, kitunzwe gereji, kitumike pia kwa magari ya wanachama kwa ada ndogo.

Baadhi ya wajumbe wamekwisha kutuambia kwamba hoja ya pili ni ghali, na kwamba madereva watajifanya kuona taa zisizowaka. Huenda mmoja wawili wakafanya hivyo. Kifaa cha hoja ya tatu kitawaumbua katika muda wa dakika tano, kwa maana kompyuta huandika kosa pamoja na namba yake. Gharama za hoja zote tatu zimo katika makadirio waliyopelekewa wajumbe, na kura itapigwa kabla msimu wa kuchukua mazao haujafunguliwa.